Lipu ya Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 2 Desemba
Leo imenyesha tena mvua ya maana. Mume wangu Sixbert aliponunua daftari hili kabla ya kurudi Mbinga kwenye makaa ya mawe alisema, "Mama Ida, kila nikija nakuuliza habari za nyumbani, unanijibu nzuri tu. Andika, nitasoma mwenyewe." Haya, baba, naandika. Habari za nyumbani: bati linavuja juu ya kitanda, mtoto anakohoa, mimi nimechoka.

Jumanne, 3 Desemba
Picha za paspoti kutwa nzima. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 6 Desemba
Leo kazi ilikuwa tofauti kidogo. Studio yetu pale Bombambili inajulikana kwa picha za paspoti, kadi za arusi na picha za marehemu. Remmy, mwenye studio, ndiye aliyenifundisha kompyuta, ila sasa kwenye sura ya vitu nimempita na mwenyewe anakubali. Nikiambiwa maharusi wasimame kwenye sakafu ya marumaru, nawatengenezea marumaru. Remmy huwa anasema, "Dada Devota, ukimaliza weka na kibao, watu wasije wakateleza."

Leo kanipa picha ya ukuta wa tofali, imepigwa kwa karibu, haina bati wala mtu. Ukuta una ufa umeanzia kona ya dirisha ukashuka kwa vipande vipande kama ngazi.

"Utie lipu," kasema.

"Ya nini?"

"Mteja anataka kuona utakavyokuwa ukikamilika. Wewe fanya, mama, usiulize ukuta jina."

Nikaanza na rangi ya kijivu tupu. Ikakaa kama karatasi. Nikaweka filta ninayoiita mchanga, ile inayomwaga punje punje, halafu nikaiburuta kwa ukungu wa kwenda upande mmoja, kama mkono wa fundi unavyokwenda. Nikainyanyua kwa filta nyingine ili kila punje ipate kivuli, mwanga ukitokea kushoto maana dirisha lina kivuli kulia. Bado ilikuwa uongo. Nikatoka nje kutazama ukuta wa studio yetu wenyewe. Una alama mahali fundi alipopumzisha mkono, una weusi wa maji chini ya dirisha, na chini kabisa umerukiwa na tope la matone ya bati. Nikarudi, nikavitia vyote. Ukuta usio na kasoro hakuna anayeuamini.

Nilipomaliza nilitamani kuugusa. Remmy alipiga mluzi tu.

Jumapili, 8 Desemba
Kanisani tulikaa na Baba Mkubwa Bartholomeo. Ndiye kaka wa marehemu baba. Baba alipokufa nilikuwa darasa la nne, na kuanzia hapo kila sare niliyovaa mpaka kidato cha nne ilitoka kwake. Misa nzima alimpakata Ida na kikohozi chake. Siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya chekechea yetu hapa Mjimwema. Wazazi wamechanga tofali, na marafiki wa nje ya nchi wametoa saruji.

"Januari tunafungua, mjukuu wangu," kamwambia Ida. "Utakuwa wa kwanza kuingia."

Ida kamwuliza kama kutakuwa na uji. Tumecheka mpaka katekista kageuka.

Alhamisi, 19 Desemba
Tumepanda mahindi, mgongo hauna hali.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Sixbert hakupata ruhusa. Mvua.

Jumatatu, 13 Januari
Wamefungua. Ida kaingia wa kwanza kweli, na sweta yake ya kijani inayomfika magotini.

Mimi nimebaki nimesimama mlangoni. Ule ufa. Kwenye kona ya dirisha unakwenda kulia, unashuka, unakwenda kulia tena, unashuka. Nilikuwa nimeufunika mwenyewe punje kwa punje, ninaujua kama ninavyojua kovu la Ida. Ukuta hauna lipu hata kiganja, na chini yake wamekaa watoto juu ya mkeka, wameuegemea.

Nikamvuta pembeni mwalimu wao, Natalia, binti mpole, tulisoma naye.

"Mwalimu, lipu iko wapi?"

"Lipu? Imo kwenye ripoti." Kafungua simu, kanionyesha ukuta wangu, weusi wa maji, tope la chini, vyote. "Wafadhili wameandika wamefurahi sana. Kamati nzima inajua ni picha ya jengo la zamani la parokia, imewekwa tu mpaka lipu ipigwe. Kwani siyo?"

Nilienda kazini kwa miguu, na njia nzima sikumbuki nilivyopita.

Jumanne, 14 Januari
"Mteja wako alikuwa nani?"

Remmy akajifanya anatafuta waya. "Baba yako mkubwa. Alisema usiambiwe. Sasa, Dada, mimi ningefanyaje? Mzee mzima kaja kanisihi kama mtoto."

Alhamisi, 16 Januari
Nilikwenda kwa Baba Mkubwa nimejipangia maneno. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akichonga mpini, hakuinua macho. Nikajua anajua.

"Baba, ule ukuta una ufa."

"Kila ukuta una ufa, Devota."

"Saruji ya lipu iko wapi?"

"Lipu itapigwa mvua ikikata. Nenda kamsalimie mama yako mkubwa."

Nikaenda nyuma ya nyumba nimejaa hasira, moyoni nimeshamwita mwizi. Mama Mkubwa alikuwa anapepeta maharage. Aliondoa mabua ya mahindi kwenye kona ya ua. Chini yake kulikuwa na mifuko ya saruji imelala imevimba kama mito ya kitanda. Nikaipiga kwa ufunguo ikalia kama jiwe.

"Tuliiweka ndani ya darasa kabla mabati hayajaisha kupigwa," kasema. "Ikaja ile mvua ya Novemba. Asubuhi yote ilikuwa hivi. Tangu siku ile mzee halali, mwanangu, anageuka tu kitandani. Aliwaza atawaambiaje wale watu, na atawaambiaje wazazi."

"Angesema tu, Mama."

"Wewe ungesema?"

Halafu akaniambia la pili, ambalo ndilo limenitia baridi. Lile tanuri la tofali za wazazi lilinyeshewa likiwa linawaka. Za nje ziliiva, za katikati zikabaki mbichi. Siku ya kuchanga, wengi walibakiza zilizoiva kwa ajili ya nyumba zao, wakapeleka zile za katikati. Kwa nje zina rangi, kwa ndani ni udongo. Baba Mkubwa aliziona zinapangwa akanyamaza, maana kila tofali ilikuwa ya mtu anayeamkiana naye.

Kwa hiyo si mwizi. Nilitaka awe mwizi, ingekuwa rahisi kwangu.

Ijumaa, 17 Januari
Mvua.

Jumamosi, 18 Januari
Mvua. Sixbert kapiga simu, nimemweleza. "Mtoe mtoto," kasema. Simu ikakata.

Ijumaa, 24 Januari
Nimemwomba Baba Mkubwa watoto wahamie ukumbi wa jumuiya mpaka kifuku, msimu huu wa mvua, kiishe. Kasema ukumbi una shughuli. Nikasema nitakwenda kuuomba mwenyewe. Akaweka kikombe chini.

"Devota. Nimekulea, sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba unyamaze mpaka Aprili."

Nikamwambia, "Baba, nakuheshimu. Ila pale chini wanakaa watoto."

Hakunisindikiza.

Jumatatu, 27 Januari
Ukuta umepakwa! Si saruji, ni udongo na chokaa juu ya ufa. Natalia anasema Baba Mkubwa alimpa fundi simu akamwambia fanya kama hii, na fundi kafuata picha yangu mpaka mikwaruzo ya kwenda upande mmoja. Ukisimama barabarani, ni ile ile. Wazazi wanapita wanasifu. Mimi nilisimama pale nikaona kazi yangu imejaa uhai, nikageuka nikaondoka.

Ijumaa, 31 Januari
Nimemtoa Ida. Anashinda chini ya meza yangu studio, anachora kwenye karatasi zilizoharibika. Remmy amelalamika mara moja, halafu kamletea kipande cha muhogo.

Jioni Dorine kanizuia mlangoni. Dorine ni jirani yangu, mama wa Otto, mdomo wake hauna breki ila Ida akiumwa yeye ndiye wa kwanza kuja.

"Wako umemtoa. Wetu je? Au wa kwetu vichwa vyao ni vya chuma?"

Nimeona haya mpaka sasa naandika. Amesema kweli.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeomba kikao cha wazazi na leo kimefanyika, ndani ya darasa lenyewe kwa sababu ya mvua. Nilichapisha picha mbili kubwa, ile ya ufa niliyopewa na ile niliyoitengeneza. Nikasimama, nikasema: hii ndiyo ilikuwa ya kweli, na hii nimeitengeneza mimi kwa kompyuta.

Wakaangalia picha, wakaangalia ukuta. Picha ya uongo ilifanana na ukuta, na ya kweli haikufanana.

Dorine ndiye aliyeanza. "Devota shoga yangu, si wewe uliyemsimamisha mdogo wangu hotelini kwenye picha ya arusi, na arusi tuliifanyia kwenye turubai pale kwa Mzee Valence?"

Darasa zima likacheka. Mwingine akasema, "Na mimi aliniondolea chunusi zote, mume wangu akaniuliza huyu nani."

"Sasa huo ufa," Dorine kasema, "atashindwaje kuuchora?"

Baba Mkubwa hakucheka. Alisema taratibu, bila kunitazama, "Binti yangu amechoka. Mumewe yuko mbali, analea peke yake. Tumwombee."

Hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana nisingeumia vile.

Nikasema, "Tofali zilizojenga hapa ni za lile tanuri lililonyeshewa. Mnajua wenyewe mlileta zipi." Kicheko kikakatika. Watu wakaanza kutazama miguu yao. Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Zangu ziliiva," na hakuna aliyekuwa amemtaja.

Basi nikatoka nje mvuani. Kulikuwa na jembe la bustani ya shule. Nikakwangua ile chokaa kwenye kona ya dirisha. Wakatoka wanapiga kelele, mama mmoja ananivuta gauni, mwingine anasema nimepandwa na kichaa. Chokaa ikadondoka kama ganda la ugali. Ufa ulikuwa palepale, umepanuka. Nikabonyeza tofali kwa kidole. Kidole kikazama mpaka pingili ya pili.

Nikamwangalia Dorine. Akasogea, akatia kidole chake kando ya changu. Akakitoa, akakitazama, akajifuta kwenye khanga. Kisha akaita, "Otto! Twende nyumbani." Mmoja mmoja wakawaita wa kwao.

Baba Mkubwa alibaki ndani peke yake, ameshika kofia.

Jumatatu, 10 Februari
Chekechea imefungwa. Watoto wamejaa barabarani kwenye madimbwi.

Alhamisi, 13 Februari
Mvua. Ukuta umesimama.

Jumatatu, 17 Februari
Mvua kubwa, daraja dogo la kwenda shambani limezolewa. Ukuta umesimama.

Jumatano, 19 Februari
Baba Mkubwa ametoa kiti kwake, amekiweka nje ya darasa, chini ya upenu, na kukaa mgongo ukiwa ukutani. Anafika asubuhi, anakaa na rozari mpaka mchana. Anayepita anamsalimia, naye anaitikia kwa sauti. Natalia kaniambia. Nikadhani utani mpaka nilipokwenda kuona mwenyewe.

"Shikamoo, Baba. Ondoka hapo."

"Marahaba. Mbona haujaanguka?"

"Baba, nakuomba."

"Umewaambia watu nimejenga kaburi la watoto. Sasa nimekaa kwenye hilo kaburi. Wacha waone."

Niliinama nikamshika mkono. Akautoa, si kwa nguvu. Mkono ulikuwa wa baridi.

Jumapili, 23 Februari
Kanisani Baba Mkubwa na Mama Mkubwa hawakukaa na sisi. Ida alitaka kwenda kwa Babu, nimemzuia, kalia.

Alhamisi, 27 Februari
Kina mama wameanza kunichoka. Mtoto akishinda nyumbani, hakuna gengeni wala shambani. Dorine kaniuliza kisimani, kwa upole, "Sasa Devota, mzee anakaa pale wiki nzima, na mvua zote hizi. Labda tulikosea kidole?"

"Hatukukosea."

"Mbona haujaanguka?"

Usinielewe vibaya, daftari, lakini leo asubuhi nilipoamka na kusikia kumenyamaza, nilitamani kusikia kishindo. Nimetubu papo hapo.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Kamati imetangaza baada ya Misa: Jumatatu watoto wanarudi. Watu wengi wamekubali kwa vichwa. Nilisimama kusema, mtu akanivuta nikae.

Nitalala mlangoni pale Jumatatu. Nimeshamwambia Remmy sitakuja kazini.

Ijumaa, 7 Machi
Umeanguka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na hata mvua haikuwepo. Jua lilikuwa limetoka, mabati yanafuka mvuke. Nilikuwa studio, simu ya Natalia ikaita. Sikuelewa alichosema, nilisikia tu watu nyuma yake. Remmy alinipakia pikipiki yake, Ida katikati yetu.

Tofali hazikutapakaa kama tofali. Zilimwagika. Lilikuwa rundo la tope jekundu na vipande vya ngozi ya chokaa juu yake, na wanaume walikuwa wanachimba kwa mikono kwa kuogopa majembe. Dorine alikuwemo, tope mpaka mabegani. Mama Mkubwa alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. Nilimpa Ida mtu yeyote, nikaingia kuchimba.

Tulimkuta amekaa. Bado alikuwa kwenye kiti.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo leo.

Jumamosi, 8 Machi
Natalia amekuja msibani. Tumekaa jikoni tunachambua mchele, akaniambia kwa sauti ya chini. Alhamisi alikwenda darasani kufagia kwa ajili ya Jumatatu. Mlango ulikataa kufunga, ukuta umeulalia. Akamwita mzee. Mzee akautazama muda mrefu, akapapasa kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, Jumatatu watoto wasije. Nitawaambia mwenyewe."

"Akawaambia?"

"Alisema atawaambia Jumapili kanisani, mbele ya watu wote. Nikamwambia basi Baba, usikae hapo tena. Akasema ndiyo. Jana asubuhi alisogeza kiti mpaka kwenye mparachichi, akakaa huko vizuri tu. Halafu wakapita kina mama wanatoka sokoni. Mmoja akamtania: 'Mzee, leo umeogopa?' Akacheka nao. Walipogeuka kona, akakirudisha."

Nikamwuliza aliyetania ni nani. Natalia akachambua mchele.

Nimetoka nje. Niliwapigia kelele watu wote kuhusu watoto, nikashinda, na watoto wote wako hai, wanakimbia humu uani wanadai wali. Sijui niiweke wapi furaha hiyo.

Jumapili, 9 Machi
Mazishi kesho. Kamati inataka picha kubwa ya marehemu, ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye ukurasa wa mbele wa ratiba ya ibada. Remmy alitaka aifanye yeye. Nikasema hapana, ni baba yangu.

Picha pekee ya karibuni ni aliyopiga Natalia Alhamisi, baada ya mlango kukataa. Mzee amesimama mbele ya ule ukuta, anatazama pembeni ya simu. Mama Mkubwa kaja studio na mtu wa kamati, kakaa nyuma yangu amejifunika kaniki.

Mtu wa kamati kasema, "Nyuma yake tuwekee chekechea ilivyokuwa nzuri, ile picha ya lipu. Ndiyo kazi aliyotuachia."

"Ukuta ule siuweki tena," nikasema.

"Ni heshima ya marehemu, Dada."

"Heshima yake ninaijua kuliko wewe, kaka. Siuweki."

Akamtazama Mama Mkubwa. Mama Mkubwa hakumtazama. Yule kaka akatoka nje kupiga simu. Nikamkata Baba Mkubwa kwenye ukuta, polepole, nikizunguka masikio yake makubwa na ile kofia, nikamweka kwenye weupe mtupu.

Ikabaki sura. Nilipoikuza, nikaona kilichokuwemo. Paji lote limekunjamana, mdomo umebanwa, na macho yalikuwa ya mtu aliyesikia kitu. Mama Mkubwa naye aliona. Akasogeza kiti.

"Ana hofu," kasema. "Mwondolee, mwanangu. Asilale na hofu mbele ya watu."

Ningemkatalia nini mama huyu? Nikachukua ile filta ya kulainisha. Nikalegeza paji. Nikafuta mistari ya mdomo. Ngozi ikawa tambarare mno, nikamwaga punje kidogo irudi kuwa ngozi, nikazivuta upande mmoja, nikatia kivuli kushoto. Uso ukatulia. Alikuwa mzee mzuri asiye na shida na mtu.

Nikausukuma mkono mbali na meza. Nilikuwa nimempiga lipu.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Siwezi." Nikarudisha nyuma hatua kwa hatua mbele yake, mistari ikarudi, mdomo ukabanwa, macho yakasikia tena kile kitu.

Alinyoosha kidole akagusa kioo cha kompyuta, hapo kwenye paji.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anageuka kitandani," kasema. Na baadaye: "Watamwona?"

"Watamwona, Mama."

"Na yule aliyemtania naye atamwona?"

"Naye."

Akaondoa kidole kwenye kioo. Nje, mtu wa kamati alikuwa bado anaongea na simu.

"Chapisha," kasema. "Kubwa."